Valgrind inalalamika "unhandled amd64-linux syscall: 334": nipuuze au programu yangu inaumwa?

#1 MtuWaMashine
Wakuu, heshima kwenu.

Nina programu ya C++ ya kuuzia dukani. Inasoma barakodi, inapiga hesabu, inatoa risiti kwenye kiprinta cha karatasi ya joto. Kwenye laptopu ya zamani nilikuwa naipitisha kwenye Valgrind (zana inayokagua makosa ya kumbukumbu kwenye programu) na inatoka safi. Nimehamia laptopu mpya yenye Linux mpya, msimbo ni uleule, lakini sasa kila nikiiendesha inaanza hivi hata kabla `main` haijachapa neno:

```
--21874-- WARNING: unhandled amd64-linux syscall: 334
--21874-- You may be able to write your own handler.
--21874-- Read the file README_MISSING_SYSCALL_OR_IOCTL.
--21874-- Nevertheless we consider this a bug.  Please report
--21874-- it at http://valgrind.org/support/bug_reports.html.
```

Halafu huko chini nakutana na makosa matatu ya "Conditional jump or move depends on uninitialised value(s)" ambayo sikuwa nayo kabla. Hiyo 334 ni kitu gani? Mimi sijaita chochote chenye namba hiyo. Na je, ndiyo inayozaa hayo makosa ya chini?

#2 Nyangumi88
Kerneli yako ya zamani hiyo. Sasisha, tatizo kwisha.

#3 MzeeWaTerminali
Hapana mkuu #2. Jamaa kasema mashine ni mpya, na anayelalamika hapo si kerneli, ni Valgrind yenyewe.

Ipo hivi. Ukiendesha programu ndani ya Valgrind, maelekezo yake hayaendi moja kwa moja kwenye prosesa. Valgrind inayatafsiri kipande kwa kipande na kuongeza ukaguzi wake. Programu ikitaka huduma ya kerneli (kufungua faili, kusoma soketi, kuomba kumbukumbu) lazima ipitie kwa Valgrind kwanza. Na Valgrind inataka kujua: wito huu (syscall) una vigezo vingapi, kipi ni pointa, kerneli itasoma baiti zipi na itaandika zipi. Kwa kila wito inaoufahamu kuna kifungashio kilichoandikwa kwa mkono. Ukija wito usio na kifungashio, haibahatishi. Haiupeleki kwa kerneli kabisa, inairudishia programu ENOSYS, yaani "huduma hiyo haipo", kisha inachapa hilo onyo.

Namba unaitafuta mwenyewe:

```
grep -w 334 /usr/include/x86_64-linux-gnu/asm/unistd_64.h
#define __NR_rseq 334
```

Ukiwa na `ausyscall` (inakuja na auditd) andika `ausyscall 334`, jibu ni hilohilo.

#4 dada_segfault
Naongezea kwa Mzee. rseq iliingia kwenye Linux 4.18, mwaka 2018. Inasaidia programu kushughulikia data ya kila prosesa peke yake bila kutumia operesheni za atomiki ambazo ni ghali. Kabla ya hapo wengi hamkuiona kwa sababu karibu hakuna aliyeiita. Mambo yalibadilika glibc 2.35 (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux) ilipotoka Februari 2022: kuanzia hapo maktaba yenyewe inajiandikisha kwa rseq kila tredi inapoanza. Ndiyo maana MtuWaMashine unaona onyo kabla ya `main`, na ndiyo maana unaapa hujaita kitu. Kweli hujaita, glibc imeita kwa niaba yako.

Naamini Valgrind yako ni 3.18. Kuanzia 3.19 wameandika kifungashio kinachorudisha ENOSYS kimyakimya. glibc ikipata ENOSYS inaendelea na maisha bila rseq. Hakuna kilichoharibika.

Kama huwezi kusasisha leo:

```
GLIBC_TUNABLES=glibc.pthread.rseq=0 valgrind ./duka
```

Hapo glibc haitaita kabisa na onyo litaondoka.

#5 Nyangumi88
Kwa hiyo dawa ni kusasisha. Nilisema nini #2? 😂

#6 MzeeWaTerminali
Ulisema kerneli. Umepewa alama ya jibu, ya njia umekosa.

#7 MtuWaMashine
Shukrani wakuu. Kweli ni 3.18.1. Nimejaribu mstari wa dada_segfault, onyo la 334 limeondoka. Lakini yale makosa matatu ya chini yapo palepale, hayajatikisika. Kwa hiyo rseq haihusiki nayo?

#8 Sijui_Sana
Mimi nina ishu kama yako ila kwangu programu inakufa kabisa. Inaandika `vex amd64->IR: unhandled instruction bytes: 0x62 0xF1` na kuendelea, halafu SIGILL (ishara ya elekezo batili). Nayo ni rseq?

#9 dada_segfault
#8 hiyo ni familia nyingine kabisa. Soma neno linalofuata "unhandled". Wewe ni *instruction*, yeye ni *syscall*. Baiti ya kwanza 0x62 kwenye biti 64 ni mwanzo wa maelekezo ya AVX-512, na Valgrind imekaa miaka mingi bila kuyajua. Huenda ulikompaili na `-march=native` (itumie maelekezo yote ya prosesa iliyopo) kwenye mashine yenye prosesa ya namna hiyo. Ondoa hiyo, kompaili upya. Na tofauti ya pili: wito usiojulikana programu inaambiwa "haipo" na inaweza kujitafutia njia nyingine. Elekezo lisilojulikana halina njia nyingine, ndiyo maana yako imekufa.

#10 Sijui_Sana
Imekubali. Ilikuwa hiyo `-march=native`, niliinakili mahali sikumbuki hata ni wapi. Asante dada.

#11 Karani_wa_Thika
Niaje watu wa nyumbani. Mimi naona watu wanasema ENOSYS haina shida, lakini hiyo inategemea nani amerudisha nini. Kuna kazi moja tulihamisha programu ya mteja ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu, kama Docker) lenye glibc mpya, seva ya chini ilikuwa haijaguswa miaka. Programu ikakataa kuanzisha tredi hata moja. Bila kontena, sawa. Ndani ya kontena, inakufa. Tukalaumu Valgrind, tukalaumu kumbukumbu, tukalaumu hata kijana wa mitandao.

Kumbe ni namba 435, clone3, wito wa kuanzisha tredi. Kichujio cha usalama cha kontena kilikuwa hakiijui, na badala ya kusema ENOSYS kikasema EPERM, "huna ruhusa". glibc ikisikia ENOSYS inarudi kwa clone ya kale. Ikisikia EPERM inaamini kweli imekatazwa, inakata tamaa. Kosa ni moja tu la namba ya jibu na seva nzima imelala.

#12 MzeeWaTerminali
Hiyo ni historia inayojulikana. glibc 2.34 ya Agosti 2021 ndiyo iliyoanza kutumia clone3 kwenye kuanzisha tredi, na Docker wakarekebisha kichujio chao kwenye 20.10.10 ili clone3 ipewe ENOSYS badala ya EPERM. Kabla ya hapo glibc 2.33 ilikuwa imeshaleta kisanga cha aina hiyohiyo kwa faccessat2, namba 439. Kwa hiyo Karani yuko sahihi, ila kwa MtuWaMashine haihusu, yeye hana kontena. Au unalo?

#13 MtuWaMashine
Sina. Laptopu tupu.

#14 PointaTupu
Mkuu MtuWaMashine, umetuwekea mistari mitano ya juu na maelezo ya mdomo ya mistari ya chini, kama mtu anayekwenda kwa daktari na picha ya pasipoti badala ya eksirei. Weka logi nzima. Ongeza `--track-origins=yes` na kompaili na `-g`.

#15 MtuWaMashine
😅 Haya. Nimeondoa njia za mafaili. Ya katikati ndiyo hii:

```
--22310-- Warning: noted but unhandled ioctl 0xe501 with no size/direction hints.
--22310--    This could cause spurious value errors to appear.
--22310--    See README_MISSING_SYSCALL_OR_IOCTL for guidance on writing a proper wrapper.
==22310== Conditional jump or move depends on uninitialised value(s)
==22310==    at 0x10A3F2: angalia_karatasi (printa.cpp:88)
==22310==  Uninitialised value was created by a stack allocation
```

Mstari wa 88 ni `if (hali.karatasi == 0)`. Juu yake kuna `ioctl(fd, 0xe501, &hali)`, yaani kuiuliza draiva hali ya printa, ndivyo mfano wa watengenezaji wa printa ulivyoonyesha. Makosa mengine mawili yako kwenye mistari ya 91 na 140. Nilidhani hilo onyo la ioctl ni mwendelezo wa lile la juu.

#16 PointaTupu
Hapo sasa tunazungumza.

Si mwendelezo. Maonyo haya yanafanana sura tu. Wito usiojulikana: Valgrind inauzuia, inarudisha ENOSYS. ioctl isiyojulikana: wito wenyewe (`ioctl`, namba 16) inaujua, isichokijua ni ombi 0xe501 lililo ndani yake. Hiyo *inaipeleka* kwa kerneli kama ilivyo, ndiyo maana ya "noted but". Draiva ya printa inajaza `hali` kweli. Tatizo ni kwamba Valgrind haikuona mtu akiijaza. Kwenye daftari lake `hali` bado ni kumbukumbu ya stack ambayo hakuna aliyeiandikia. Ukiuliza `hali.karatasi == 0`, inapiga kelele. Na imekuambia mapema: "spurious value errors".

Kwa hiyo la juu ni kelele isiyo na madhara, la katikati ndilo linalozaa ya chini. Kesi imefungwa.

#17 Nyangumi88
Tumia `--sim-hints=lax-ioctls`. Imewekwa mahususi kwa madraiva ya ajabuajabu. (Na usasishe 😂)

#18 dada_segfault
Haitamsaidia, Nyangumi. Fungua namba yenyewe. Ombi la ioctl likitengenezwa kwa utaratibu wa Linux lina biti 32: mbili za juu zinasema data inaelekea wapi, 14 zinasema ukubwa, nane za aina, nane za namba. 0xe501 ina aina 0xe5 na namba 1, huko juu kote ni sifuri. Hakuna mwelekeo, hakuna ukubwa. `lax-ioctls` inategemea ukubwa uliomo kwenye namba uwe sahihi. Hapa ukubwa ni sifuri, sasa italegeza nini? Walioandika draiva hiyo hawakutumia `_IOR` (makro ya kutengeneza namba hizo kwa utaratibu), wamejichagulia namba tu.

#19 Bit_ya_Mwisho
Samahani kwa kuvuruga sherehe, lakini PointaTupu kafunga kesi haraka mno. MtuWaMashine kasema #1 kwamba kwenye laptopu ya zamani msimbo uleule ulitoka safi. Kama chanzo ni ioctl, mbona kule Valgrind ilinyamaza? ioctl hiyo ilikuwepo na kule.

Mimi nashuku kompaila. Laptopu mpya ina GCC mpya. Kwenye `-O2` (kiwango cha kuboresha msimbo) kompaila ina haki ya kupindua `if (a && b)` ikapima `b` kwanza ikiona haina madhara. Kwa programu jibu ni lilelile. Kwa Memcheck (kikaguzi cha kumbukumbu cha Valgrind), `b` isiyojazwa imeamua tawi, kwa hiyo ni kosa. Jaribu `-O0` (bila uboreshaji) utuambie.

#20 MtuWaMashine
Nimejaribu `-O0`. La mstari wa 140 limeondoka. 88 na 91 bado yapo.

#21 Bit_ya_Mwisho
Angalau moja ni langu.

#22 PointaTupu
Chukua hilo moja, mawili ni yangu. MtuWaMashine, draiva ya printa ni ileile ya kule?

#23 MtuWaMashine
Hapo sasa… Kule nilikuwa natumia draiva ya kawaida, naandika moja kwa moja kwenye `/dev/usb/lp0`. Huku nimeweka draiva ya watengenezaji, na maktaba yao ndogo. Kumbe kule sehemu ya `angalia_karatasi` ilikuwa inarudi mapema kwa sababu faili la draiva yao halikuwepo. Msimbo ni uleule lakini njia haikuwa ileile.

#24 MzeeWaTerminali
"Msimbo ni uleule." Miaka yote humu ndani, sijawahi kuona sentensi hiyo ikibaki kweli hadi ukurasa wa pili.

#25 Sijui_Sana
Samahani narudi nyuma kwenye rseq. Mzee kasema #3 kwamba Valgrind haiipeleki kwa kerneli. Lakini mimi nimefanya `strace -f valgrind ls` (strace inaonyesha miito ya programu kwa kerneli) na naona kabisa:

```
rseq(0x7f3c5a1c8060, 0x20, 0, 0x53053053) = 0
```

Inarudisha 0, yaani imefaulu. Sasa nani mkweli?

#26 MzeeWaTerminali
Swali zuri. Angalia mstari huo uko wapi ukilinganisha na `execve` (wito wa kuanza kuendesha programu nyingine) ya `memcheck-amd64-linux`. Amri `valgrind` unayoandika ni kizindua tu, programu ya kawaida inayotumia glibc kama zote, kwa hiyo nayo inajiandikisha. Kazi yake ikiisha inajibadilisha kuwa `memcheck-amd64-linux`, ambayo haitumii glibc kabisa. Baada ya hapo hutaona rseq ya `ls`, kwa sababu imeishia mikononi mwa Valgrind.

#27 Sijui_Sana
Kweli, iko kabla. Nimeelewa.

#28 Karani_wa_Thika
Na kwa wanaotumia strace, hiyo nayo ikiwa ya zamani kuliko kerneli itakuonyesha kitu kama `syscall_0x1c3(0x3, ...)`. 0x1c3 ni 451, cachestat, ya Linux 6.5. Lakini hapo strace haizuii chochote, imekosa tu jina la kuandika. Jibu unaloliona baada ya `=` ni la kerneli yenyewe. Hata gdb (zana ya kutafutia hitilafu), ukiandika `catch syscall 451` na haiijui, inakuambia namba hiyo haiwakilishi wito unaojulikana, kisha inaitega hivyohivyo. Kila zana ina maana yake ya "sijui".

#29 MtuWaMashine
Habari njema: nimeandika `Hali hali = {};` badala ya `Hali hali;`. Makosa ya 88 na 91 yamekwisha. Nimerudisha `-O2`, safi hata kule 140. ERROR SUMMARY ni sifuri. Nadhani tumemaliza.

#30 Bit_ya_Mwisho
Hujamaliza, umezima kengele. Sasa `hali` ni sifuri tupu kabla ya ioctl. Draiva isipoandika kitu, utasoma sifuri, na kwenye mstari wa 88 sifuri maana yake nini?

#31 MtuWaMashine
Karatasi imeisha 😬

#32 Bit_ya_Mwisho
Basi. Na unaangalia `ioctl` imerudisha nini?

#33 MtuWaMashine
…

#34 PointaTupu
Bit yuko sahihi hapa ingawa inaniuma. Uwezekano ni mbili na hatujazitenganisha. Ama draiva inajaza `hali` yote na Valgrind haioni (kelele), ama draiva inajaza nusu au inarudisha -1, na Valgrind imekuonyesha kosa la kweli kwa bahati. Logi inafanana kwa zote mbili! Fanya hivi: toa hiyo `= {}`, angalia jibu la `ioctl`, na likiwa sawa tu ndipo uiambie Memcheck:

```
if (ioctl(fd, 0xe501, &hali) == 0)
    VALGRIND_MAKE_MEM_DEFINED(&hali, sizeof hali);
```

Hiyo iko kwenye `valgrind/memcheck.h`. Nje ya Valgrind haifanyi kitu.

#35 dada_segfault
Mimi sikubali hiyo `sizeof hali`. Ni kuapa kwa niaba ya draiva ambayo hujaisoma. Kama toleo la draiva linajaza baiti nane na `struct` yako ina kumi na mbili, umehalalisha baiti nne za uongo. Bora `= {}` ijazwe na thamani isiyowezekana, mfano 0xFF kote, uone zipi zinabadilika printa ikiwa na karatasi na ikiwa haina. Hiyo haihitaji hata Valgrind.

#36 PointaTupu
Baiti isiyobadilika si lazima iwe haijaandikwa. Inaweza kuandikwa 0xFF na draiva.

#37 dada_segfault
Ndiyo maana unarudia na 0xAA.

#38 Tumbaku
Jamani habari za humu. Nimesoma yote mpaka hapa. Mimi niko kwenye kompyuta ndogo ya ARM ya biti 64, na onyo langu ni `unhandled arm64-linux syscall: 293`. Nimetafuta 293 kwenye jedwali mtandaoni naambiwa ni pipe2. Programu yangu haina paipu yoyote.

#39 MzeeWaTerminali
Umesoma jedwali la x86-64. Namba hazifanani kati ya usanifu na usanifu, tazama neno la katikati la onyo: `arm64-linux`. Kwa arm64, 293 ni rseq hiyohiyo ya MtuWaMashine. Kwa x86 ya biti 32 ni 386. Waliokuja kuanzia 424 ndio waliopangiwa namba moja karibu kila mahali, ndiyo maana clone3 ni 435 kwako na kwa Karani.

#40 Tumbaku
Pamoja sana. Kwa hiyo na mimi nisasishe?

#41 Nyangumi88
👆👆👆

#42 MtuWaMashine
Nimerudi. `ioctl` inarudisha 0, karatasi ikiwepo na isipokuwepo. Nimejaza 0xFF kama dada alivyosema: baiti ya `karatasi` inabadilika vizuri. Ile inayosomwa mstari wa 91, `hali.joto`, inabaki 0xFF. Nikijaza 0xAA inabaki 0xAA. Nimewaandikia watengenezaji wa printa, bado hawajajibu.

#43 Bit_ya_Mwisho
Kwa hiyo 88 ilikuwa kelele, 91 ni kosa la kweli, na 140 ni la kompaila.

#44 PointaTupu
140 bado sijakukubalia. Ilipotea hata kwa `= {}` na `-O2`. Weka huo mstari tuuone.